Mshale Uliotembea Peke Yake

Enzi hizo skrini zilikuwa na kisogo, na kompyuta ikielemewa na kazi ilinguruma hadi jirani akajua. Mfasiri aliikumbatia yake kifuani, amevaa gauni la bluu la kazini, akijipenyeza katika ukumbi wa maduka uliofurika watu. Kijana mrefu mwenye bisibisi mfukoni akampokea mzigo kabla hajaombwa. Kumbe ndiye fundi mwenyewe.

Akaifungua, akapuliza vumbi la miaka mitatu, akacheka. Mashine haikuwa na ugonjwa ila shibe: programu kumi na saba ziliamka pamoja kila asubuhi, na kinga ya virusi ilikwisha muda tangu mwaka juzi.

"Hivi nyumbani unalala mlango wazi?" aliuliza.

"Nyumbani nina mama. Masikio yake ndiyo kufuli."

Mfasiri alimsahihisha maneno mawili kabla ya kuondoka, naye akaanza kumwita Bi Kamusi.

Ili mfasiri asihangaike tena kubeba mzigo, fundi aliweka programu ya kumwezesha yeye mwenyewe kuitengeneza kompyuta ile akiwa dukani kwake. Kila Ijumaa saa nne asubuhi mshale ulianza kutembea wenyewe kwenye skrini, ukifuta takataka na kusasisha kinga. Kisha ulifunguka ukurasa mtupu, na maneno yakajiandika: "Bi Kamusi, umekunywa chai?" Naye alijibu papo hapo chini yake. Miezi minane waliandikiana hivyo, wakitaniana, wakifuta yote kabla ya kuagana. Ni kwenye ukurasa ule mfasiri alipompenda. Hata leo akizikumbuka Ijumaa zile hutabasamu peke yake.

Jumanne moja mchana, sahani ikiwa mkononi, aliuona mshale ukitembea. Haukusalimu. Ulifungua barua za dada yake, zenye siri za ndoa ya dada huyo, moja baada ya nyingine. Mfasiri aling'oa waya ukutani, akampigia fundi simu.

"Umesoma barua za dada."

"Mimi? Niko juu ya ngazi hapa, nafunga nyaya za watu."

"Nani mwingine ana nenosiri la kuingia kwangu?"

Fundi akanyamaza. Kimya kile kilimkata maini, akakata simu.

Mama alisema ndivyo walivyo wanaume, mtu ukimkaribisha sebuleni anataka na chumbani. Mfasiri akaitikia, lakini Ijumaa ikifika saa nne alijikuta ameketi mbele ya skrini iliyozimwa. Alikuwa na hamu naye kupita kiasi, na kumwonea hamu mtu aliyekusaliti ni aibu usiyoweza kumwambia mama.

Mwezi wa tatu tangu simu ile, fundi alipiga hodi, amekonda, viatu vimejaa vumbi. Mama alimkaribisha kwa shingo upande. Fundi hakukaa.

"Sikuwa mimi, ila kosa ni langu," alisema. "Niliwawekea wateja wote arobaini nenosiri moja, kwa uvivu tu wa kukumbuka. Mwizi alilipata kwa mmoja, akaingia kwa wengine. Uliponiuliza ndipo nilipojua, nikaona haya."

"Ukaninyamazia miezi yote hiyo?"

"Nimewapitia nyumba kwa nyumba, thelathini na tisa. Wengine wamenitimua. Wewe nimekuweka mwisho, maana wewe ndiye niliyeogopa kumpoteza."

Mfasiri alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Ukweli ulimkuta mikono mitupu. Hasira haikumwisha, ila aliona si mwongo huyu, na moyo ukalegea. Akachomeka waya.

Fundi akaondoa ile programu mbele yake. Akasema Ijumaa, akiruhusiwa, atakuja kwa miguu. Kisha akamwambia aandike nenosiri jipya, refu, lisilo jina la mtu wala mwaka wa kuzaliwa, naye akageuka akaukabili ukuta.

"Nikwambie nilichochagua?"

"Usiniambie. Usimwambie mtu yeyote."

"Hata mume wangu?"

"Hata mumeo."

Mfasiri aliutazama mgongo ule, shati limelowa jasho la kutembea kwenye nyumba za watu. Vidole vilisimama juu ya vibonye.

"Na wewe utaweza kuishi na mke mwenye siri?"

Huko jikoni, vyombo vya mama vikaacha kulia. Fundi alikohoa kidogo.

"Naweza," alisema, uso bado ukutani. "Umemaliza kuandika, nigeuke?"