Gari la Mume Wangu Limepita Geti

Jamani, natoka tu kwenye geti la kulipia barabara kuu ya Pune kwenda Mumbai, mama mkwe yuko kando yangu anatafuna chakli, simu ikalia...

Ujumbe: gari la Prasad limepita geti hili, sasa hivi!

Prasad ni mume wangu. Asubuhi aliniaga kwamba atashinda ofisini Pune.

Mnavijua vile vibandiko vya kioo cha mbele? Geti linavisoma hewani, linakata ada ya barabara, kizuizi kinanyanyuka, ujumbe unaenda kwenye simu. Cha Prasad nilikisajili kwa namba yangu, tangu Ketaki, mchumba wake wa zamani, aliporudi mjini na mumewe.

Nikampigia Prasad.

"Uko wapi?"

"Ofisini. Mmefika?"

"Ofisini na nani?"

"Na kompyuta, Mrunal."

Roho iliniuma. Nikakata, nikakanyaga mafuta, natafuta gari jeupe. Yote meupe!

"Punguza, binti, utaniua na chakli mdomoni," mama mkwe akasema.

"Mwanao yuko hapa barabarani na Ketaki, mama."

"Prasad? Yule hata soksi zake hazioni."

Geti la pili. Kizuizi kikanyanyuka... simu ikalia. Gari la Prasad limepita.

Wivu ukanipanda kichwani. Nikaegesha pembeni, nikampigia mume wa Ketaki.

"Mtafute mkeo. Yuko na mume wangu."

Mama mkwe akaacha kutafuna.

"Si kwa sababu ya hicho kibandiko?" Akaonyesha kioo. "Chako kimefungiwa. Prasad akabandua chake, akakubandikia asubuhi ukiwa unaoga. Hakutaka tuaibike getini."

Wapenzi, nilikuwa najifukuza mwenyewe.

Nikampigia Prasad, nikaomba msamaha huku nalia. Akacheka hadi akakohoa. Nikamweleza na lile la mume wa Ketaki.

Kicheko kikakatika.

"Mrunal... namba yake umeipata wapi?"

Niliitafuta mwenyewe, ili tusaidiane kuwachunga hawa wawili. Tukawa tunaongea kila siku. Siku hizi hatuwataji tena Prasad wala Ketaki...

Mama mkwe alikuwa ananitazama.

Dada yangu unayepekua simu ya mumeo, anza na yako. Nyani haoni kundule.

"Mrunal, nimekuuliza," Prasad akasema.