Fungu ya Kamate

Ile machine ilianza kunuka udongo mbele hata ya kuwashwa. Udongo mubichi, sawa ya kaburi yenye bado kufunikwa. Melchior, mwenye alikuwa anatengeneza baordinateri, zile kompyuta, kule Butembo, alinusa, akasema ni vumbi ya njia. Banaume! Kaburi ikiingia mu nyumba, bao banatafuta ufagio.

Virginie njo aliileta kutoka Beni, imefungwa mu kitenge. Mwaka ile, barebelle, baasi, balikuwa banakata inchi vipande, kila mukubwa na kipande yake. Machine ilikuwa ya bwana yake Kamate, mwenye balimuua mu njia ya Oicha. Hata mwezi ilikuwa haijaisha. Na kwao, vitu ya marehemu hapana kugusa mbele matanga iishe. Siku ile familia inakaa, inaweka kwanza fungu ya marehemu pembeni, kisha benye kubaki banagawana. Kila mutoto anajua vile.

Lakini Virginie alikuwa anaogopa shemeji yake Manassé kuliko maiti.

— Futa yote, Melchior. Manassé akikuja kumaliza matanga, asione jina ya kaka yake hata moja. Ataibeba. Na mimi nitapigia bantu barua ya kulipwa na nini? Na kidole?

— Matanga bado, dada.

— Tumbo ya batoto inangojeaka matanga?

Melchior akawasha groupe, ile jenereta ya inje, moto ya umeme ikaingia mu machine. Akamueleza Virginie: disque, stoo ya ndani ya machine, ni sawa shamba. Unafuta mipaka ya zamani, unaikata mara mbili, sehemu moja ya système yenye kuendesha machine, ingine ya kutia mabarua. Shamba ilikuwa giga kumi. Akakata ine, akakata sita. Akaambia machine ihesabu.

Ikaonyesha sehemu tatu.

Akafuta, akakata tena. Tatu. Ile ya tatu hakukuwa mutu aliikata, haikuwa na jina, lakini ilikuwa imejaa. Na souris, kipanya ya machine, yenye aliweka kuume, ilikuwa kushoto.

— Kamate alikuwa mutu wa mukono ya kushoto, Virginie akasema polepole.

Koko Jokébed, muuzaji wa maharagi ya Musienene pale mulangoni, akaingiza kichwa.

— Muachie fungu yake, weye kichwa nguvu. Mubaki na zile mbili. Mufu hakulaka mingi.

— Koko, mimi niko mutu wa chapelet, wa rozari, Melchior akasema.

— Chapelet iko mu shingo. Akili iko wapi?

— Ikibaki, Manassé ataiona, Virginie akasema. Futa.

Melchior akafinya, na groupe ikazimika yenyewe, kelele ikakatika mu kiwanja yote, lakini kioo ya machine ikabaki inawaka, maandishi meupe juu ya weusi, na ile harufu ikapanda kutoka chini ya meza na kumujaza kinywa, na ndani ya disque kukaanza kulia krr, krr, sawa jembe inagonga jiwe, na alipotaka kuchomoa kamba akasikia mukono yake ya kushoto imekuwa baridi, na mukono haikumusikia.

Halafu kimya. Groupe ikawaka. Sehemu mbili: ine, sita.

— Ametoka, Virginie akasema.

— Ndiyo, Melchior akajibu, lakini ni nusu ya kinywa njo ilijibu. Ile ingine ilikuwa imelegea.

Akatia système na mukono moja. Mwisho machine ikauliza vile inaulizaka kila mutu: jina ya mwenye machine?

— Andika Virginie.

Mukono ya kushoto ikaamuka. Ikaandika: KAMATE. Ya kuume ikafuta. Ya kushoto ikaandika tena, bila haraka, sawa mutu ako kwake.

Muganga wa Mabalako alimuchanja Melchior, padri akamunyunyizia maji. Mukono ikabaki baridi.

Manassé akakuja kumaliza matanga, Melchior naye alikuwa pale na machine. Akasoma jina juu ya kioo, akafunga machine, akaipakia. Kisha akanyoshea Melchior mukono ya kuaga. Melchior akatoa ya kuume, lakini ya kushoto ikatangulia, ikamukamata pa kiko ya mukono, pale Kamate alizoea kumukamata tangu bangali batoto, ikakaza.

Manassé akaangalia ile mukono.

— Kaka, akasema. Kaka, nitairudisha.