Choroko Ndani ya Boksi

Kila jioni baada ya chakula, mama yake Foram aliondoa vyombo mezani akaweka boksi lenye matundu. Alipenyeza humo vikoleo viwili virefu, kisha, macho yakiwa tu kwenye simu iliyomwonyesha ndani ya boksi, alihamisha choroko kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Mama huyo, Dokta Sudha, bingwa wa magonjwa ya wanawake, alikuwa akijifunza upasuaji wa kamera, unaofanywa kwa vifaa vinavyopenyezwa kwenye vitundu vidogo tumboni. Choroko zilimtoroka, naye akaanza upya. Foram alimcheka, lakini moyoni alimwonea fahari.

Fahari hiyo ndiyo iliyomponza. Siku moja rafiki yake Nalepo alimweleza kwamba mama yake ana uvimbe kwenye kizazi na anaogopa kupasuliwa. Foram akadakia, "Mama yangu atautoa kwa vitundu vidogo tu. Ameshawafanyia wengi mno. Kesho yake atakuwa anakata majani ya ng'ombe."

Jumamosi Mama Nalepo alishuka kutoka mlimani na binti yake, akafika nyumbani kwa akina Foram, mtaa wa Kaloleni, akitabasamu.

"Shikamoo, mama," Foram alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Daktari, nimekubali. Nilikuwa nakikimbia kisu chako, ila mtoto wako amenitoa hofu. Nifanyie hivyo vitundu."

Dokta Sudha alimgeukia binti yake. Foram alitamani ardhi immeze. Akisema kweli, huenda Mama Nalepo angerudi mlimani na uvimbe wake.

"Nilidanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Mama bado anajifunza."

"Ni kweli," alisema Dokta Sudha. "Kwa njia ya zamani nimepasua wengi. Hii mpya nimeifanya mara chache, mwalimu wangu akiwa pembeni. Na majani hutakata kesho yake, lazima upumzike. Mwalimu huyo, Dokta Lerionka, anakuja mwezi ujao. Ukipenda tutakufanyia pamoja, na ikishindikana tutarudi kwenye njia ya zamani. Uamuzi ni wako."

Mama Nalepo alimnyoshea Dokta Sudha mkono.

"Nitasubiri," alisema. "Daktari anayeniambia 'bado' ndiye nitakayempa tumbo langu."

Mwezi uliofuata, upasuaji wa vitundu ulikwenda vizuri. Wasichana walipofika wodini, Mama Nalepo alikuwa ameketi akinywa uji. Nalepo alilia kwa furaha, na Foram naye akalia.

Wakitoka, Dokta Sudha alimshika binti yake bega. "Kifaa kipya ni kizuri, Foram. Lakini mgonjwa hatuachii mwili wake kwa sababu ya kifaa. Anatuachia kwa sababu tumemwambia kweli."

Jioni ile boksi lilirudi mezani.

"Mama, si umeshaweza sasa?"

"Bado," alijibu mama yake, akahamisha choroko nyingine. Foram aliinama kuokota zilizoanguka, na safari hii hakucheka.