Saba Zisizoshika Rangi

Jumamosi ya tarehe kumi na sita Novemba, mwaka 2019, saa kumi na dakika ishirini alasiri, oveni ya Verlon Napier iligonga.

Iligonga mara tatu. Ikanyamaza kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, kisha ikagonga tena mara tatu.

Verlon alikuwa ameketi bandani juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha kahawa mkononi, akisubiri rangi iive. Hakuinuka. Bati likipata moto hulia, alijiambia. Mtu wa miaka sitini na sita hakimbii bati. Lakini aliweka kikombe chini, akayahesabu mapigo.

Kazi ile ya kutengeneza risasi za bunduki aliijua kama alivyoijua Sala ya Bwana. Aliyeyusha madini ya risasi kwenye chungu cha chuma, akayamimina kwenye kalibu, na vichwa vya risasi vilipopoa akavitia katika kopo la plastiki pamoja na rangi ya unga. Alilitikisa kopo mpaka unga ukavigandama. Kisha alivitoa kimoja kimoja kwa kibano na kuvisimamisha kwenye trei, safu kwa safu, kama waumini ibadani. Oveni ndogo iliyokuwa ya kuokea mikate ya mkewe ndiyo iliyovioka mpaka rangi ikayeyuka na kung'aa. Tangu siku ilipoingia bandani, oveni ile haikurudi jikoni, kwa kuwa madini yale ni sumu. Hata Verlon mwenyewe hakuingia jikoni na mikono ya bandani. Kila jioni aligonga mlango wa nyuma mara moja tu kwa pete yake ya ndoa, ti, na Oleta mkewe akamjibu kutoka ndani, "Subiri nikufungulie maji." Alinawa hadi viwikoni ndipo akaingia. Walikuwa wameishi hivyo miaka mingi.

Muda ulipotimia alifungua oveni. Vichwa arobaini na tatu vilikuwa vyekundu, vinang'aa kama pipi. Saba havikushika rangi hata chembe. Vilikuwa vyeusi, vikavu, na havikukaa pamoja. Kimoja kilikuwa safu ya mbele, viwili katikati, vingine pembeni. Harufu iliyotoka haikuwa ya rangi. Ilikuwa ya maji yaliyotuama, mbao zilizooza na makaa mabichi. Verlon alikuwa hajaivuta harufu ile tangu ujana wake.

Alipogonga mlango wa nyuma, Oleta alifungua akiwa ameziba pua.

"Unachoma nini huko, mzee? Nyumba nzima inanuka nguo za mgodini za marehemu baba."

"Rangi tu, mke wangu. Kopo jipya."

"Basi hiyo rangi imekufa zamani," alisema Oleta, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha mpaka maharage yalipopoa mezani.

Jumapili, baada ya ibada, Verlon alimwonyesha jirani yake Clell vile vichwa saba nyuma ya pikapu. Clell naye alikuwa akisubiri risasi zake za msimu wa kulungu.

"Ulivishika na vidole vya mafuta ya nguruwe," alisema Clell. "Wewe na bekoni yako! Rangi haishiki mafuta, hata mtoto anajua."

"Nilitumia kibano."

"Basi kibano ndicho kilichokula bekoni." Clell alikiinua kimoja, akakirudisha haraka. "Mbona kina moto?"

"Ni jua."

"Jua gani, Verlon? Theluji inakuja." Clell alifuta vidole kwenye suruali. "Madini ulipata wapi?"

"Yale ya gazeti."

Clell akaacha kucheka. Gazeti la wilaya lilifungwa Septemba, na Bi Ludell, mjane wa mpiga chapa, alimuuzia Verlon ndoo sita za mistari ya herufi za risasi za kuchapia. Madini yale ni magumu, na watu wa kazi hii huyatafuta kama dhahabu. Ukurasa mmoja tu wa mistari hiyo, uliofungwa kwa kamba, hakuuuza. Alimpa mkononi na kumwambia, "Huu upeleke kanisani, ndugu yangu. Huu si wa chungu."

"Ule ukurasa wa kamba," Clell aliuliza polepole, "umeufikisha?"

"Utafika."

Ulikuwa umekwisha kuyeyuka. Ijumaa Verlon alipungukiwa madini magumu, na ukurasa ulikuwa pale kwenye rafu. Alikata kamba. Mistari ya chapa husomeka kinyumenyume na inahitaji miwani, na miwani ilikuwa mfukoni mwake. Hakuivaa. Aliitumbukiza chunguni ile mistari akiwa ametazama dirishani, maana alijua vizuri mno kilichoandikwa humo. Yalikuwa majina ya watu saba waliobaki ndani ya mgodi wa Bent Fork, moto ulipowafungia mwaka 1971. Miili yao haikutolewa kamwe. Hawana kaburi wala jiwe. Kila mwaka, tarehe kumi na sita Novemba, gazeti lilichapa ukurasa ule ule, na wenyeji waliukata na kuubandika ukutani. Ndiyo iliyokuwa alama yao pekee juu ya ardhi. Na jina la kwanza katika yale saba lilikuwa Hobert Napier, kaka yake Verlon, tumbo moja.

Jumatatu Oleta hakuweza kupanda ngazi za kibarazani bila kusimama mara mbili. Jumanne alitema kwenye leso, na Verlon alipoiokota akaona mate meusi tititi. Akasema moyoni ni moshi wa bandani, ni kosa lake. Jumatano alimpeleka kliniki, akamweleza daktari habari za risasi bila kuficha.

Daktari, kijana mpole, alipima damu na kupiga picha ya kifua. Alirudi akiitazama ile picha, si wao.

"Damu haina sumu ya risasi hata kidogo," alisema. "Mama, ulifanya kazi chini ya ardhi miaka mingapi?"

"Nani, mimi?" Oleta alicheka kwa shida. "Mwanangu, mimi nilikuwa mpishi wa shule. Shimo nililowahi kuingia ni la kuhifadhia viazi."

Daktari aliwageuzia picha. Alisema mapafu yale ni ya mtu aliyevuta vumbi la makaa miaka mingi, na kwamba yanafunga kwa kasi asiyoielewa. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa wiki ijayo. Garini Oleta aliegemeza kichwa kiooni.

"Wiki ijayo ni mbali, Verlon," alisema.

Walipofika nyumbani, Verlon alikwenda bandani moja kwa moja, akakwangua vile saba, akaviosha kwa pombe ya kusafishia, akavitia unga upya na kuwasha oveni, kwa kuwa mtu aliyeshikwa na hofu hurudia kazi anayoijua. Haikupita dakika, oveni ikagonga, tatu, kimya, tatu, na safari hii sauti haikutoka kwenye bati bali chini ya sakafu, chini ya nyumba, chini kabisa kulikokuwa na jiwe tupu, na ile harufu ikapanda ikamjaa kooni, naye akang'oa waya ukutani lakini oveni haikupoa, na taa yake nyekundu ikaendelea kuwaka bila umeme, na mapigo yakaendelea, tatu, kimya, tatu, hata akakimbia uwanjani na kuingia jikoni bila kugonga, bila kunawa, kwa mara ya kwanza maishani, akamkuta Oleta amelala usingizi kwenye kiti, midomo imegeuka rangi ya bluu, na mkono wake wa kulia ukiinuka wenyewe na kugonga mbao ya kiti kwa kifundo cha kidole, tatu, kimya, tatu, pamoja na wale wa chini.

"Oleta!"

Akafumbua macho. "Kuna mtu mlangoni?" alinong'ona. "Mbona humfungulii?"

Alhamisi asubuhi Clell alimleta Dada Arminta. Kikongwe huyu wa miaka themanini na minne alijulikana bonde zima kwa kutoa moto: mtu akiungua, humpulizia kidonda, husema aya yake kwa kunong'ona, na maumivu hutoka. Alishuka kwenye pikapu na ugoro mdomoni, akimtukana Clell kwa uendeshaji wake.

"Umenitikisa kama hilo kopo lenu la rangi! Yuko wapi mgonjwa?"

Alikaa na Oleta kwa dakika chache tu. Kisha akaenda bandani, akavitazama vile vyeusi saba, akatema ugoro nje na kuvua kitambaa cha kichwa.

"Mimi hutoa moto, Ndugu Verlon. Hapa hakuna moto. Hawa wanataka hewa, na wanaichukua kwa mkeo kwa kuwa ndiye aliye karibu." Akamkazia macho. "Gazeti liliwataja mwaka hata mwaka, wakatulia. Umewanyang'anya majina. Lakini wafu hawagongi kwa ajili ya majina tu. Kuna jambo. Liseme."

"Hakuna jambo, dada."

"Haya. Basi kachonge jeneza la mkeo. Mbao ninaziona hapo."

Verlon alikaa kwenye ndoo. Clell, mlangoni, alivua kofia.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane," alisema Verlon. "Moto ulipokataa kuzimika, wakubwa wa mgodi waliamua kuuziba mdomo ili ukose hewa. Walitaka vijana wa kubeba matofali. Nikabeba. Siku ya tatu nilikuwa peke yangu ukutani, wenzangu wamekwenda kunywa kahawa. Nikasikia. Tatu, kimya, tatu. Hivyo ndivyo mchimbaji aliyefungiwa anavyogonga. Baba alitufundisha tukiwa wadogo, mimi na Hobert, kwa vijiko mezani."

"Ukajibu?" aliuliza Arminta.

"Nilimwambia msimamizi. Akasema ni mwamba unatitia. Akasema, kijana, ukifungua hapo tutakufa mia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikaweka tofali la mwisho. Sikujibu. Hata kugonga mara moja wajue kuna mtu, sikugonga. Na mama sikumwambia mpaka anaingia kaburini."

Arminta hakumfariji. Alimpa mkono kumwinua. "Miaka arobaini na minane wanangoja ujibu. Twende."

Walipanda kwa miguu njia ya zamani ya mgodi, Clell akimshika kikongwe, Verlon mbele na vile saba ndani ya soksi ya sufi. Ukuta ulikuwa pale, umeota kuvu. Verlon alipiga magoti. Akagonga kwa mkono wa kushoto, na pete ikalia juu ya tofali. Tatu. Kimya. Tatu.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha jibu likaja, karibu mno, unene wa tofali tu kati yake na wao, na halikuwa la mkono mmoja.

Clell alianza kusema Zaburi ya ishirini na tatu, akarudia mstari mmoja bila kujua. Verlon akatoa patasi mfukoni, akachokonoa chokaa iliyooza mpaka tofali moja likatoka. Hewa haikutoka nje. Ilivutwa ndani. Majani makavu yaliburutwa kuelekea tundu, mvi za Arminta zikapeperuka kuelekea tundu, na ukuta mzima ukavuta pumzi moja ndefu, ndefu kuliko kifua chochote cha mwanadamu.

"Wataje," alisema Arminta.

"Lonzo Fugate," alisema Verlon, akaingiza kichwa kimoja gizani. Hakusikia kikianguka. "Estill Combs. Arbin Sizemore. Denver Gayheart. Troy Noble. Wardie Slone." Kila kimoja kilikuwa cha uvuguvugu, na kila kimoja kilipoa vidoleni kabla hajakiachia. Cha saba hakikupoa. Kiliwaka kiganjani mwake mpaka nyama ikanuka, na Verlon hakukitupa. "Hobert," alisema. "Hobert, ni mimi. Nilikusikia."

Akakiachia. Pumzi ikakatika. Akarudisha tofali mahali pake.

Arminta alimshika kiganja, akainama kukipulizia. Verlon akafumba mkono.

"Usiutoe moto, dada. Huu niachie."

Walipofika nyumbani Oleta alikuwa amesimama jikoni anageuza mkate wa mahindi. Midomo yake ilikuwa myekundu, na alimgombeza Clell kwa matope aliyoingia nayo. Katika hospitali kubwa hawakuona kitu kifuani. Oveni waliizika, na Verlon hakumimina tena risasi maishani mwake. Lakini kila tarehe kumi na sita Novemba, saa kumi na dakika ishirini, alikwenda ukutani, akasoma majina saba, akagonga. Hakujibiwa tena, na kwa kutojibiwa huko alimshukuru Mungu.

Verlon alifariki Machi, mwaka wa nne, usingizini. Oleta alimzika uani mwa kanisa, pete yake kidoleni. Novemba ilipofika, akapanda mwenyewe na fimbo yake, akasoma majina, akagonga tatu, kimya, tatu. Bonde lilikuwa tulivu. Aligeuka aondoke.

Nyuma ya tofali kukagongwa. Mara moja tu. Ti.

Aliujua mlio ule kuliko alivyoijua sauti yake mwenyewe. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mwisho akaweka kiganja ukutani, akasema, kama alivyosema kila jioni ya ndoa yake, "Subiri nikufungulie maji."

Ee Mola, uliye na ufunguo wa kila mlango uliofungwa na mwanadamu, uwakumbuke Hobert, Lonzo, Estill, Arbin, Denver, Troy na Wardie, na mtumishi wako Verlon aliyechelewa kujibu. Wape hewa, wape nuru, wanawishe mikono, uwaingize nyumbani. Amina.