Ufunguo Mtupu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari liligoma, siku ambayo halikuwa na ruhusa ya kugoma. Mtihani wa mwisho wa uuguzi ulianza saa tatu, mjini, mwendo wa saa mbili, na basi la pekee lilikwishaondoka alfajiri. Mke aliukosa mtihani huo mwaka jana. Akiukosa tena, chuo kingemfuta.

Alizungusha ufunguo. Starta ililia, injini haikushika. Akajaribu tena na tena mpaka viganja vikaloa jasho.

"Betri hii, Mungu wangu," alisema.

Mumewe alitoka na kikombe cha chai. "Ni yule fundi! Jana kakaa na gari kutwa nzima, kachezea ufunguo. Mwizi mkubwa!"

Aliyasema kwa sauti ya kuamsha mtaa, na mtaa ukaamka. Fundi, jirani wa nyumba ya tatu, akatukanwa kabla hata hajanawa uso. Alikuja amenuna. Akawasha taa, akapiga honi, kisha akaonyesha kitaa chenye umbo la ufunguo kilichokuwa kikipepesa kwenye dashibodi.

"Betri nzima. Breki nilizotengeneza jana nzima. Gari haliutambui ufunguo, linadhani mnaliiba."

Akabandua kifuniko cha ufunguo kwa kucha, kikafunguka kirahisi mno. Chipu haikuwemo. Ni kijipande cheusi, kidogo kama punje ya mchele, lakini bila hicho gari haliwaki hata ulibembeleze. Na ufunguo wa akiba ulipotea zamani.

"Mnaona? Kaiuza!" mume alipiga kelele.

Mama mzazi wa mume alikuwa kibarazani, mjukuu mapajani. Alikuwa mpelelezi wa polisi kabla ya kustaafu, na jana alikuja kumlea mtoto ili mkwewe afanye mtihani kwa utulivu. Damu ilimchemka tangu tusi la kwanza, ila yeye akikasirika sauti hushuka.

"Fundi, gari ulilirudisha lini?"

"Jana jioni, mama. Nililiendesha mwenyewe mpaka hapa."

"Na baada ya hapo likaja kunichukua stendi, likawaka vizuri. Chipu ilikuwemo. Fundi hahusiki."

Mume akamgeukia dada yake, aliyeketi kando ya mama. "Basi ni wewe! Wewe ndiye uliyeliendesha kwenda stendi, na wifi yako hamwivi."

"Kaka, nitakuzaba kibao! Ufunguo nilikupa mkononi, mama akiona!"

"Niliona," mama alisema. "Na usiku kucha amelala nami kitanda kimoja, akinipiga mateke. Ufunguo ulilala chumbani kwenu."

"Chumbani tuko wawili. Labda mwenyewe anauogopa mtihani."

"Nijiibie mtihani wangu mwenyewe?" mke alifoka.

Mama alimkabidhi binti yake mtoto, akasimama.

"Mkeo alidhani betri. Mimi nilidhani betri. Fundi mwenyewe alianza na betri. Wewe peke yako, gari hata hujalisogelea, ulitaja ufunguo. Ulijuaje?"

"Nilibahatisha."

"Chipu ulitaka kuirudisha mtihani ukipita, kwa hiyo hukuitupa. Toa mifuko nje."

"Mama, mbele za watu?"

"Ulimtukana mwenzio mbele za nani? Toa!"

Chipu ilitoka mfuko wa shati, imeviringishwa kwenye tishu.

"Kwa nini?" mke aliuliza.

"Ukifaulu utapangiwa hospitali ya mbali. Utazoea wakubwa. Mimi utanirudia wa nini?"

Mke alimkazia macho, na wazo baya likamwingia.

"Mwaka jana, usiku wa kuamkia mtihani, nilikukanda tumbo mpaka kukakucha. Uliumwa kweli?"

"Hayo ni ya zamani," mume alisema.

"Mshenzi wewe," mke alisema.

Fundi alirudisha chipu mahali pake, akafunga kifuniko kwa utepe. Injini ikashika mara moja. Saa moja ilikuwa haijafika.

Mume aliushika mlango wa gari. "Mke wangu, ukirudi tutaongea."

"Ondoa mkono."

"Nenda, mwanangu," mama alimwambia mkwewe. "Ukimaliza usirudi hapa. Nenda kwenu. Mtoto na nguo zako nitakuletea mwenyewe."

Gari likaondoka kwa kasi.

"Mama! Mimi ndiye mwanao!"

"Najua, na ndicho kinachoniuma. Sasa kamwombe fundi radhi, kwa sauti ile ile uliyomtukania."