Kikwembe cha Bluu cha Marehemu

Consolate alipoingia kufanya kazi nyumbani kwa Lucien, nyumba ilipumua.

Kabla ya hapo asubuhi zilikuwa aibu tupu. Lucien alikuwa akitafuta soksi chini ya kitanda. Mama yake, Maman Adèle, alikuwa akilalamikia magoti yake. Gloire, binti wa Lucien mwenye miaka minne, alikuwa akilia kwa sababu hakuna aliyejua kumsuka kama mama yake. Mama huyo, Carine, alifariki kabla ya Pasaka. Aliacha mume, mtoto na sanduku la nguo ambalo Lucien hakuwa na moyo wa kuligusa.

Sasa moshi wa jikoni ulitoka mapema. Maji yalikuwa yamekwisha kupandishwa kutoka bombani, chini kabisa ya kilima. Gloire alikuwa amesukwa. Lucien alikunywa chai yake, akachukua mfuko wake wa vifaa vya kutengenezea friji, akateremka mitaa ya Kadutu, mjini Bukavu, akipiga mluzi. Mtu akishiba hasumbuki kuuliza mpishi amelalaje.

Halafu, mwezi haujaisha, Consolate akasimama mlangoni na begi lake mkononi.

“Papa, minaomba ruhusa. Minataka kurudi kwetu Kalehe.”

Lucien aliweka kikombe chini. “Kurudi? Nani alikukosea?”

“Hakuna mutu.”

“Ni mushahara? Nitaongeza.”

“Hapana mushahara, papa.”

“Sasa ni nini? Sema!”

Consolate alimtupia jicho Maman Adèle, aliyekuwa ameketi palepale akichambua maharagi. Kisha akatazama sakafu. Mwenye akili angelielewa jicho lile. Lucien hakulielewa. Alikasirika.

“Unafika, mutoto anakuzoea, unaenda? Ngoja kwanza nipate mwingine.”

“Basichana ba kazi iko vile,” Maman Adèle alisema. “Amepata mwenye kumulipa zaidi. Leta hapa hiyo begi.”

Alilinyakua begi mikononi mwa Consolate, akalitia chumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. “Tutaona kama utaenda mikono mitupu.”

Lucien aliona. Hakusema kitu. Alitoka na mfuko wake wa vifaa, na asubuhi hiyo hakupiga mluzi.

Hakwenda kazini moja kwa moja. Alipitia soko la Kadutu kwa Maisara. Huyu ni jirani yake, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Uvira, muuza vikwembe, yaani vitenge. Ndiye aliyemleta Consolate kwa Lucien, maana anafahamiana na shangazi wa binti huyo. Lucien alimkuta akikunja vitambaa.

“Maman Maisara, yule binti anataka kuacha kazi. Unitafutie mwingine mbio.”

Maisara hakuacha kukunja. “Nikutafutie mwingine, umuvalishe nini?”

“Kumuvalisha namna gani?”

“Papa Gloire, unaonaka na macho ao na magoti? Kikwembe ya bluu, ya maua nyeupe. Mwenyewe ni nani?”

Lucien alijua. Maisara ndiye aliyemuuzia Carine kikwembe kile, papo hapo sokoni. Carine alikivaa siku ya ubatizo wa Gloire, na majirani wote walikijua.

“Ni mama yangu alimupa,” Lucien alisema polepole. “Alisema Consolate asionekane mutu wa shamba.”

“Na wewe, ulipomuona nayo, ulisema nini?”

Swali lilimchoma. Jibu alikuwa nalo, nalo lilikuwa chungu. Siku ya kwanza alimwona Consolate kwa mgongo, ameinamia mbabula ya makaa, amejifunga kitambaa kile. Kwa nukta moja Carine alikuwa amerudi. Alijua si yeye. Lakini alipenda kutazama, na kwa kuwa alipenda, alinyamaza.

“Sikusema kitu.”

“Basi sikiliza.” Maisara aliweka kitambaa chini. “Siku ya Mungu Consolate alienda misa na ile kikwembe. Mulangoni pa kanisa akakutana na Colette.”

Colette ni dada ya marehemu Carine.

“Alimuvuta mbele ya batu bote,” Maisara aliendelea. “Akamwambia, ‘Dada yangu hata matanga yake haijaondolewa, wewe uko ndani ya nguo zake? Bibi ya jikoni! Bibi bila mahari!’ Na batu ba Kalehe balikuwa pale, banasikia. Unajua kama Consolate ameposwa?”

“Sijui.”

“Hujui kwa sababu hukuuliza. Muchumba wake iko David, kulekule Kalehe. Balipashwa kuleta mahari kisha mavuno. Sasa mama ya David amesikia kama mukamwana wake iko bibi ya mufiwa moja huku Bukavu.”

“Lakini mimi sikumugusa! Naapa!”

“Ninakuamini. Analala wapi?”

Lucien alimweleza, sauti ikishuka. Consolate alilala katika chumba kidogo cha nyuma. Mlango wake ulifungukia chumbani kwa Lucien, tena haukuwa na kufuli. Maman Adèle ndiye aliyekichagua. Lucien aliona sawa tu, chumba ni chumba. Hakuwahi kufikiri msichana yule analalaje, akisikia mwanamume akigeuka kitandani nyuma ya mbao.

“Mulango bila kadena, nguo ya marehemu, na mutoto anamwita maman,” Maisara alisema. “Halafu unaniuliza anaenda juu ya nini? Mimi ningekwisha kukimbia.”

“Na wewe uliona, ukanyamaza?”

Maisara alikunja uso. “Niliona. Nilisema, hapana nyumba yangu. Ile ni dhambi yangu, nitaijibu kwa Mungu. Yako tuitengeneze leo.”

“Nifanye nini?”

“Mufanyakazi akisema anaenda, hapana kufunga begi yake. Begi ni yake, miguu ni yake. Unamuuliza sababu, lakini hapana mbele ya mutu mwenye anamuogopesha. Ita mwanamuke anayemuamini, akae naye. Akikubali kubaki, munapatana upya mbele ya shahidi: atatumika kazi gani, atapumzika saa gani, siku gani ni yake. Hata sheria ya kazi inasema apumzike siku muzima kila juma. Pa kulala pafungwe kwa ndani, na ufunguo akae nao yeye. Nguo avae yake.”

“Na akikataa?”

“Unamulipa kazi aliyofanya, unamupa ya tiketi, anaenda muchana, batu banaona. Na jina yake, papa, ni nyumba yako iliichafua. Wewe mwenyewe utaenda kuisafisha.”

Walipanda kilima pamoja. Maisara akaingia jikoni kwa Consolate. Lucien akaenda kwa mama yake.

“Maman, ufunguo.”

“Wa nini?”

“Maman, ufunguo.”

Maman Adèle aliutoa kifuani, akautupa mezani. “Mujinga! Unazani nilifanya vile juu ya nani? Una feza ya kuoa mara ya pili? Ng'ombe za mahari utatoa wapi? Nilisema bazoeane. Bakizoeana, mambo inajipanga yenyewe, na mutoto anapata mama.”

Lucien alitamani asingesikia. Alimwonea aibu mama yake. Alijionea aibu zaidi yeye mwenyewe, kwa kuwa mpango ule ulihitaji anyamaze tu, naye alikuwa amenyamaza vizuri sana.

“Ule ni mutoto wa batu, maman,” alisema. “Hapana mbuzi ya kufunga mpaka izoee.”

Alilibeba begi hadi jikoni. Consolate na Maisara walikuwa wameketi bega kwa bega kwenye kibao. Lucien aliliweka begi mbele yao, akarudi akasimama mlangoni.

“Begi yako ni hii. Nilikosa. Sasa sema, ninasikiliza.”

Consolate aliongea akitazama makaa. “Papa, mimi nilikuja kutumika. Nilitaka kununua sahani na masufuria, nisiende kwa bwana yangu mikono mitupu. Koko, mama yako, alinipa kikwembe, nikasema merci. Sikujua ni ya nani. Nilijua pale Gloire alitia uso ndani yake, akasema, ‘Maman amerudi.’ Nikaivua. Koko akanirudishia kwa nguvu, akasema niivae. Na usiku silali. Wewe unakohoa tu, mimi ninaamuka, ninakaa.”

“Sikukuwazia ubaya hata siku moja,” Lucien alisema.

“Sawa, papa. Lakini mimi, pale ndani ya giza, ningejua namna gani?”

Lucien aliahidi kufuli. Aliahidi siku ya mapumziko, na mapatano mapya Maisara akiwa shahidi. Yote yalikuwa haki yake tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana yalisikika vibaya siku hiyo.

“Hata ukitia kadena tatu, papa, minaenda.”

Lucien alitaka kubembeleza. Maisara akamkazia macho.

“Sawa,” Lucien alisema. “Utaenda kesho asubuhi. Leo utalala kwa Maman Maisara.”

Alimlipa palepale. Kisha akafungua sanduku la Carine. Kwa desturi, nguo zile zilipaswa kugawiwa na ndugu wa marehemu siku ya kuondoa matanga, na Lucien ndiye aliyekuwa akiisogeza siku hiyo mbele kila walipomkumbusha. Alizifunga zote, kikwembe cha bluu alichorudisha Consolate kikiwa juu, akazipeleka kwa Colette.

Colette hakumpa kiti. Lucien aliongea amesimama, mbele ya ndugu wote wa mkewe.

“Shemeki, Consolate ni mufanyakazi wangu, hapana bibi yangu. Ile nguo ilitoka mikononi mwetu. Kosa ni yangu. Ule binti ulimutukana bure.”

Colette alikichukua kikwembe, akakinusa. Hakikuwa tena na harufu ya dada yake. Kilinuka moshi. Alilia kwa uchungu na hasira, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipomaliza akajifuta macho.

“Mudomo yangu ndiyo ilituma ile maneno Kalehe,” alisema. “Kesho minaenda naye.”

Asubuhi walishuka wote hadi kituo cha magari. Consolate alivaa nguo yake aliyokuja nayo kutoka shambani. Gloire alimkimbilia, akamkumbatia magoti. “Maman!” Consolate alimbandua kidole kimoja kimoja, akamtia mikononi mwa Lucien, akapanda gari. Hakugeuka. Lucien alipanda kilima kizima na mtoto anayelia begani. Alijua kwamba Gloire amefiwa mara mbili, na kwamba msiba wa pili umeletwa na baba yake.

Colette alirudi baada ya siku chache. Mama ya David alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, akamwandalia hata chakula. Halafu akamwambia kwamba mwanawe ameshapelekwa kuposa kwingine. Uongo ulikwenda Kalehe kwa gari, ukweli ukaufuata kwa miguu. Consolate sasa yuko Minova, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Masufuria aliyonunua anapikia mwenyewe.

Lucien alimwita seremala. Wakaziba mlango wa zamani wa kile chumba cha nyuma, wakafungua mwingine upande wa jikoni, wenye kufuli na ufunguo wake. Maman Adèle alinung'unika kwamba ni hasara. Lucien akamwacha anung'unike.

Kisha Maisara akamleta mjane mmoja wa makamo, jina lake Bulonza. Alikaribishwa chai. Hakuigusa.

“Kabla ya kupatana,” alisema, “mwenye alitumika hapa aliondoka juu ya nini?”

Majibu mepesi yalikuwepo mengi, na Maman Adèle alikuwa na lake tayari, mdomo umeshafunguka. Lucien akamtangulia. Alisema yote: kikwembe, mlango, begi, matusi ya kanisani, mahari yaliyopotea. Akasema na kunyamaza kwake. Maman Adèle aliangalia mikono yake.

Bulonza aliinuka. “Munionyeshe mulango.”

Alitia ufunguo, akajifungia ndani. Akafungua. Akafunga tena. Alipotoka, aliutia ufunguo katika pindo la kitambaa chake mwenyewe, akapiga fundo, akaketi mbele ya chai.

“Sasa tuzungumuze kazi na siku yangu ya konje, ile ya kupumzika.”

Walipatana, Maisara akiwa shahidi. Bulonza yuko pale mpaka leo. Moshi wa jikoni unatoka mapema, na siku yake ya konje Lucien hupandisha maji mwenyewe.

Gloire alipomwita maman kwa mara ya kwanza, Bulonza alimsahihisha bila ukali. “Mimi ni Bulonza. Maman yako ni Carine.”

Mtoto alifikiri. “Na Consolate?”

Bulonza alimgeukia Lucien, ili ajibu yeye. Lucien aliweka chini mfuko wake wa vifaa, akampakata mtoto, akaanza kumwambia.