Kiwanja Pacha Namba 2207

Mzishi alichimba kaburi kwa dakika kumi na moja, bila vumbi na bila jasho. Miguu yake sita ilisimama nje ya mstari mweupe. Mkono mmoja ulikata udongo vipande vipande kama keki ya harusi, na mwingine ukavipanga pembeni kwa mpangilio uleule, mweusi na mweusi, mwekundu na mwekundu, ili virudi ardhini kama vilivyotoka. Waliofiwa walisimama nyuma ya kamba ya bluu, mikono mitupu. Hilo ndilo lililowauma wazee kuliko yote: wanaume wazima wenye vifua vyao wamekuja msibani, na hakuna wa kumpokea mwenzake jembe.

Zamani mzishi alikuwa mtu. Alikuwa rafiki wa ndani kabisa, yule ambaye ukifa ndiye atakayekushusha. Jiji la Namirembo liliponunua mashine, kamati iliona jina zuri limekaa bure, ikalichukua.

Aliyeiongoza mashine hiyo alikuwa msajili wa makaburi ya Jiji, Makokha Mukhwana, mwanamume wa miaka hamsini mwenye tumbo la heshima na mdomo usio na mlango. Mafuriko ya utotoni yalimchukulia wazazi wote wawili na dada watatu kwa wiki moja, na tangu hapo aliamua kwamba mtu aliyebaki ana kazi mbili tu: kuzika wenzake na kuwachekesha waliobaki. Kazi zote mbili alizifanya kwa bidii. Kanuni za Makaburi ya Jiji, kurasa arobaini na sita, alizijua kwa kichwa, na alipomsomea mfiwa alizitafsiri kwa lugha ya barazani.

"Kanuni ya tisa," alikuwa akisema. "Kiwanja huuzwa kwa aliyekufa tu. Ukitaka kununua, tuletee cheti cha kifo. Chako ukiweza kukileta mwenyewe, tutakuhudumia bila foleni."

Kanuni iliyokuwa ikimkosesha raha ilikuwa ya kumi na nne: kaburi bila mwili haliruhusiwi. Ilitungwa kwa sababu nzuri. Mwaka ambao ardhi ya Jiji iliadimika, bwana mmoja alizika majeneza manne matupu, akazungushia ua, akapanda sukumawiki. Kamati ilikasirika, na kamati ikikasirika huandika. Basi pua ya Mzishi, kifaa kidogo cha kusoma vinasaba, ikaunganishwa na daftari la raia. Kila jeneza lilinuswa kabla ya kushushwa. Pua isipotambua mtu, mashine hukunja mikono.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomzuia Nanjala.

Nanjala alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Mume wake, Khaoya Wabwile, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye Kituo cha Juu, ile karakana kubwa inayoelea nje ya hewa ya dunia. Aliaga akisema anakwenda miezi sita. Mwezi wa nne kamba yake ya usalama ilikatika, akapotea gizani na vazi lake la kazi, akiwa na hewa ya saa tatu. Hakuna aliyeweza kumfikia. Tangu siku hiyo mwili wake ulikuwa unaizunguka dunia, mara moja kila dakika tisini na mbili, na ulikuwa umeandikwa kwenye Daftari la Anga kwa namba. Vyombo vilimkwepa. Mafagio-anga, mashine zinazokusanya taka za angani na kuzisukuma chini ziungue, yalipita mbali naye kwa heshima, kwa kuwa sheria ilikataza kufagia binadamu.

Kwa miaka saba Nanjala aliandika barua. Kwa miaka saba alijibiwa kwa upole: marehemu hajapotea, mahali alipo panajulikana kila dakika, lakini pia hajazikwa. Kwa hiyo nywele za msiba hazikunyolewa. Kwa hiyo bintiye Nafula alikuwa ameposwa mara mbili na posa zote mbili zikarudi, maana wazee hawapokei mahari kwenye nyumba ambayo maiti haijatoka.

Asubuhi moja ya Jumatatu alifika ofisini kwa Makokha. Koo zao zilikuwa za watani, na utani wao haukuwa na likizo.

"Karibu, mtani," alisema Makokha. "Umekuja kupimwa? Simama hapo ukutani nione kama utatosha kwenye kiwanja cha kawaida."

"Wewe ndiye wa kupimwa. Hilo tumbo litahitaji kibali chake peke yake."

Walicheka. Kisha akakaa, akaweka mkono kifuani, palipokuwa na kifaa cha kuusukuma moyo.

"Daktari amenipa mwaka mmoja, Makokha. Na yule daktari ni mkarimu. Nataka kiwanja pacha."

Makokha aliacha kucheka. Kiwanja pacha, yaani makaburi mawili ubavu kwa ubavu ya mume na mke, kilitolewa siku ile wa kwanza anaposhushwa. Asiye na mwenzake ardhini alizikwa kwenye safu, zamu inapofikia, jirani na yeyote aliyekufa wiki hiyo.

"Unajua kanuni ya kumi na nne," alisema taratibu.

"Naijua. Na wewe unajua ya kwetu. Mtu akichukuliwa na maji au na vita asirudi, tunakata mgomba, tunauzika kwa jina lake. Baba yako mwenyewe alizikwa hivyo."

Ilikuwa kweli. Mto haukumrudisha baba yake. Makokha alikuwa na miaka minane, na kwa muda mrefu baadaye aliamini kwamba baba ataota, atazaa ndizi.

"Lete mgomba," alisema.

Nanjala na Nafula waliuleta kesho yake, umelazwa kwenye jeneza la mbao nyepesi, umeviringishwa shuka jipya. Mzishi aliinamisha pua. Taa ya njano ikawaka.

"Mmea," ilisema mashine kwa sauti yake ya mtangazaji wa redio. "Tafadhali peleka idara ya bustani."

Nafula aliguna kwa aibu. Makokha aliipiga teke mguu mmoja wa chuma, akaumia yeye.

"Mtani," aliuliza, "nguo yake iko wapi? Mgomba wa kwetu haulazwi kwenye shuka la dukani. Huvalishwa nguo ya mwenyewe. Hata mimi mjinga nalijua hilo."

Nafula ndiye aliyesema, akitazama pembeni. "Imebaki shati moja. Lile alilolivua asubuhi ya safari. Hajalifua. Analiweka kwenye mfuko usiopitisha hewa, anafungua mara moja kwa mwaka."

"Mara mbili," alisema Nanjala. "Mwaka huu mara mbili."

Hakuna aliyemhimiza. Alirudi nyumbani, akakaa na lile shati siku nzima. Asubuhi iliyofuata alikuja nalo, akauvalisha mgomba yeye mwenyewe, akafunga vifungo kuanzia chini kama alivyokuwa akimfungia mume wake. Alipofika kile cha shingoni aliinama, akavuta pumzi ndefu, akafunga.

Makokha, aliyekuwa mtu wa kusema, alisema haraka, "Khaoya amekonda huko juu. Hawakuwa wakimlisha?"

Nanjala alicheka na kulia kwa pamoja, na kumfikisha mfiwa hapo ndiyo kazi ya mtani.

Pua ya Mzishi ilipita juu ya jeneza, ikarudi, ikasimama kwenye kola ya shati. Jasho la miaka saba lilikuwa bado lina mtu ndani yake. Taa ya kijani ikawaka.

"Khaoya Wabwile," ilisema mashine. "Poleni kwa msiba." Kisha kwenye kioo cha mkononi cha msajili likatokea swali: *Thibitisha?*

Makokha alibonyeza. Alijua anadanganya. Hakujua anadanganya nini.

Wakamshusha. Nafula aliruka kamba ya bluu, akachota udongo kwa kiganja, akarusha, na Mzishi, ambaye hakuwa na kanuni ya kumkataza binti, akasubiri. Kiwanja kikaandikwa kuwa pacha, namba 2207, upande wa kushoto mume, wa kulia mke. Siku ya tatu Nanjala alinyolewa. Watu walisema amerudi kuwa na uso.

Siku ya tisa Makokha alipokea taarifa kutoka Idara ya Usafi wa Anga. Aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi. Madaftari ya Jiji yote yalikuwa yanazungumza. La makaburi lilikuwa limeliambia lile la anga kwamba Khaoya Wabwile amezikwa. Basi kile kilichokuwa kinazunguka huko juu, chenye namba yake, hakikuwa tena binadamu. Kimeandikwa upya: *kitambaa, kioo na chuma, kilo mia moja na arobaini*. Fagio-anga litakifikia Jumanne, saa nne na dakika mbili asubuhi. Mwenye pingamizi alete uthibitisho kwamba kaburi halina mwili.

Alitembea hadi mtaa wa pili kwa miguu. Njiani alijaribu mizaha mitatu, yote ikamfia mdomoni.

Nanjala alikuwa anashona sare za shule. Alimtazama, akazima cherehani.

"Umeingia bila kunitukana. Nani amekufa?"

Makokha alimweleza. Hakupamba. Alimweleza pia njia ya kuzuia: aende yeye msajili akakiri, Mzishi afukue, mgomba utolewe, na Khaoya atabaki juu, salama, akikwepwa na kila chombo. Yeye Makokha atafukuzwa kazi, lakini hilo aliliruka. Kiwanja pacha kitafutwa.

Nanjala alishika kichwa chake kilichonyolewa, kana kwamba anatafuta kitu alichokisahau hapo.

"Kwa hiyo ni mimi nimemtoa kule. Kwa shati."

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyebonyeza."

"Usininyang'anye, Makokha. Hata hilo ni langu." Alishusha mkono kutoka kichwani. "Ataumia?"

"Hapana, mtani. Ameshamaliza kuumia miaka saba iliyopita."

"Kutabaki nini?"

"Majivu membamba sana. Yatakaa hewani miezi, pengine mwaka. Kisha yatashuka."

"Wapi?"

"Popote. Hayachagui. Baharini, kwenye mapaa, mashambani kwa watu."

"Popote," alirudia Nanjala. "Hata pale 2207?"

Makokha alitaka kusema kwamba uwezekano ni mdogo mno, kwamba dunia ni kubwa. Alikuwa amesoma hesabu kiasi cha kulijua hilo. "Hata pale," alisema.

Nje, gari la taka la Jiji lilikuwa linaimba wimbo wake wa kuwaita wenye nyumba.

"Jirani yangu alizika mume wake akiwa kamili, mwili wote, na viatu," alisema Nanjala. "Hajawahi hata siku moja kulazimika kujua mume wake yuko wapi angani. Mimi nimejua. Saa mbili na nusu anapita juu ya Namirembo. Saa nne na dakika mbili anapita tena, kusini kidogo. Nimepika nikijua. Nimeoga nikijua. Unadhani huyo ni mume? Huyo ni saa ya ukutani." Aliinuka, akaisogeza sare iliyobaki. "Waache wafagie. Ila nataka niwe pale."

Jumanne walikuwa pale, watatu. Anga ilikuwa nyeupe kwa jua, angavu mno kiasi cha mtu kutoona chochote. Makokha alishika kioo chake akisoma dakika kwa sauti ya chini, na Nafula alimshika mama yake kiwiko. Ilipofika saa nne na dakika mbili Makokha alisema, "Sasa."

Wote walitazama juu. Hakukuwa na mwanga, hakukuwa na sauti. Kunguru mmoja alipita akielekea dampo. Makokha alisubiri hadi kioo kikaandika *kimeondolewa*, akakifunga.

Alifungua mdomo kutafuta utani wa kuwapa wenye msiba, kwa kuwa hiyo ndiyo haki yao na yeye ndiye anayedaiwa. Hakuupata. Alisogea hatua chache nyuma ya kamba, Nafula akamfuata, na wote wawili wakageukia upande mwingine.

Nanjala alichuchumaa kando ya kaburi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba alikuwa anatazama chini anapozungumza na mume wake, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mke aliyechoka kusubiri na chakula kimepoa.

"Wewe Khaoya," alisema. "Ulisema miezi sita. Paa lilivuja msimu mzima, nikapanda mwenyewe, na miguu hii. Nafula amekataliwa mara mbili kwa ajili yako. Unanisikia? Mara mbili. Na shati lako nimekupa, usiniombe lingine."

Alinyamaza, akisubiri, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujitetea.